Jua la Mashuka

"Inua mguu, mama. Na huo mwingine. Haya, simama tukuone."

Kifungo alisimama juu ya kitanda, mkono mmoja kichwani kwa mama yake, mwingine ukichezea sikio lake mwenyewe. Taa ilikuwa inawaka kwa sababu chumba hakikuwa na dirisha, na hata kama kingekuwa nalo, nje bado kulikuwa na giza. Mama huyo, mshonaji wa kiwanda cha nguo, alimpandisha suruali mpaka kiunoni, akaifunga, akarudi nyuma kidogo na kuinamisha kichwa upande, kama alivyozoea kufanya kiwandani mbele ya vazi lililokamilika. Suruali ilishuka kutoka nyongani hadi vifundoni bila kupinda popote. Asiyejua angeapa kwamba mtoto huyu kaumbwa akaumbika.

Aliyejua alikuwa yeye. Chini ya kitambaa kile magoti ya binti yake yalikuwa yameachana, kila moja limekimbilia upande wake, na miguu ilikuwa imepinda kiasi kwamba mpira ungepita katikati bila kugusa popote. Matege. Hata neno lenyewe hakupenda kulitamka. Wifi yake alikwisha kulitamka kwa niaba yake, siku ya kwanza alipomwona mtoto akitembea: "Haya si ya kwetu. Ulizeni kwao." Tangu siku hiyo mshonaji aliona haya kila alipomvua mtoto nguo, hata mlango ukiwa umefungwa.

Kwa hiyo alifanya alichokijua. Alikusanya vipande vya kitambaa vilivyobaki kiwandani, akakata mguu wa suruali mpana kuanzia juu, halafu kwa ndani, pale penye uwazi kati ya magoti, akatia kipande cha bitana ngumu, ile inayowekwa kwenye kola za mashati, ili kitambaa kisilale na kulionyesha lile pengo. Ilimchukua majaribio mengi. Siku alipoipatia alijiona fundi kweli kweli. Mtoto alivaa suruali hizo kutwa, akalala nazo, na alipokua mama alishona nyingine.

Wenzake wa kiwandani, waliopanga nyumba hiyo hiyo, waliziona wakazipenda. Mrefu, aliyekaa mashine ya jirani yake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwomba. "Nishonee na mwanangu kama hiyo ya Kifungo, shoga. Na usisahau ile bitana ya ndani." Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akisisitiza bitana. Mshonaji alivimba kichwa kidogo. Alidhani wanapenda mtindo.

"Mama, nibebe," Kifungo alisema.

"Utembee mpaka mlangoni."

"Miguu inauma. Nibebe."

Hilo ndilo lililomtoa kwenda hospitali siku hiyo. Bibi Redio, mzee wa chumba cha mwisho aliyewalea watoto wa nyumba nzima mama zao wakiwa kazini, alikuwa anamkalia kooni tangu zamani. "Mwanao hakimbii," alikuwa akisema, sauti yake ikishindana na redio ambayo haikuzimwa kamwe. "Wenziwe wanacheza, yeye kakaa kwenye kigoda. Mpeleke." Mshonaji alikuwa akitia pamba masikioni. Lakini jana Kifungo alikataa kabisa kuinuka kwenye kigoda, akajikojolea palepale, na alipoulizwa alisema kwamba choo kiko mbali. Choo kilikuwa upande wa pili wa korido.

Akambeba mgongoni, akatoka.

Ili kufika mlango wa nje ilibidi kupita uani, na uani kulikuwa tayari na kazi. Mama mwenye nyumba alifua mashuka ya nyumba za wageni. Kila siku, kabla hakujapambazuka, kamba zilijaa kuanzia ukuta hadi ukuta, safu nyuma ya safu, na uani hapo ndipo mahali pekee katika nyumba ile palipopata jua. Amri ilikuwa moja na wapangaji wote waliijua: mtoto asionekane uani mpaka mashuka yaanuliwe. Yakianuliwa, jua nalo limekwenda zake.

"Mpitishe pembeni huyo," mama mwenye nyumba alisema, midomo ikiwa imebana vibanio. "Asishike kitu."

"Hashiki, mama. Kalala," mshonaji alijibu. Kifungo hakuwa amelala.

Langoni mwa kiwanda wanawake walikuwa wanaingia mmoja mmoja, na msimamizi alisimama na kengele yake ya mkononi, ile iliyompa jina la Bwana Kengele. Mlango ulipofunguka ilionekana taa ndefu zikiwaka ndani. Kiwanda kilikuwa na madirisha makubwa, lakini vioo vyake vyote vilikuwa vimepakwa rangi nyeupe nzito, kwa sababu jua hupausha kitambaa. Waliingia jua halijatoka, wakatoka limezama. Wengi wao walitembea wakiyumba kiunoni, upande huu na upande ule, na wenyewe waliuita mwendo wa bata na kuuchekea. Aliyeanza kazi juzi walimwambia, "Wewe bado unatembea kama mtu. Ngoja."

"Unakwenda wapi na mtoto?" Bwana Kengele aliuliza.

"Nilikuwa naomba ruhusa, bwana. Nimpeleke hospitali."

"Ana nini?"

Mshonaji alifungua mdomo. Nyuma yake foleni ilikuwa inasikiliza, na Mrefu alikuwa hapo hapo, pua na mdomo. Alihisi uso unampata moto.

"Kikohozi."

"Mama, mimi sikohoi," alisema Kifungo kutoka mgongoni.

"Unakohoa usiku, hujui. Nyamaza."

Watu wawili watatu walicheka. Bwana Kengele hakucheka, ila alifurahi, maana kikohozi kilimrahisishia hesabu. "Kikohozi ni kupewa chupa ya dawa na kurudi. Mapumziko ya chakula uwe umekaa kwenye mashine. Ukichelewa, kuna mtu wa kukaa hapo."

"Asante, bwana."

Alimshukuru, halafu akatembea njia nzima akijilaani. Uongo wenyewe haukumsumbua sana. Kila mtu alimdanganya Bwana Kengele. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amemkana mwanawe mbele za watu, tena mwana akiwa mgongoni.

Hospitali ilikuwa imeshajaa. Dirishani palikaa karani mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Aliuliza shida ya kila mgonjwa kisha akairudia kwa sauti, labda kwa kuhakikisha, labda kwa kujifurahisha. "Kuharisha, chumba cha pili! Jipu, makalioni, chumba cha tatu!" Mwenye jipu alipita ameinamisha kichwa. Mshonaji alimwangalia, akajua kabisa kwamba hataweza.

"Mtoto ana nini?"

"Kikohozi."

"Kikohozi, chumba cha kwanza!"

Mara ya pili lilitoka kwa urahisi zaidi.

Kwenye benchi la kikohozi watoto walikuwa wanakohoa kweli. Kifungo aliwatazama kwa makini, kama mtu anayejifunza kazi mpya. Mama mmoja aliyekaa karibu alipapasa pindo la suruali yake. "Nzuri hii. Umeinunua wapi?"

"Nimeshona mwenyewe."

"Mikono yako ibarikiwe."

Mshonaji aliitikia kwa kutabasamu, akavuta pindo hilo lifunike viatu.

Zamu yao ilipofika, tabibu alikuwa mwanamke wa makamo aliyechoka, viatu amevivua chini ya meza. Muuguzi alisimama kando akikunja bandeji. Tabibu aliinua shati la Kifungo, akaweka chombo kifuani, akasikiliza. Akahamisha, akasikiliza tena.

"Anakohoa tangu lini?"

"Usiku usiku tu, daktari."

"Kifua ni safi kabisa." Alikuwa anataka kuondoa mkono, mara akausimamisha. Vidole vyake vikapita taratibu juu ya mbavu za mtoto, upande wa kulia, kisha wa kushoto. "Shika hapa, mama. Unasikia?"

Mshonaji aligusa. Chini ya ngozi, pale mbavu zinapokutana na kifua, kulikuwa na vinundu vilivyopangana kama shanga kwenye uzi. Alimwogesha mtoto huyu kila siku, lakini macho yake yalikuwa miguuni tu. Miguu aliishonea suruali. Mbavu hakuzishonea kitu.

Tabibu alishika viwiko vya mikono ya Kifungo, akashuka mpaka karibu na viganja, akaona mifupa ilivyopanuka hapo. Kisha akasema kwa upole, "Mvue suruali."

"Daktari, ni kikohozi tu."

"Mvue, mama."

Alimvua. Mikono yake, iliyoweza kugeuza kola gizani, ilishindwa na kifungo kimoja. Mlango ulikuwa wazi, na benchi zima la kikohozi likaona. Miguu ya Kifungo ilikuwa myembamba, imepinda kama mabano, na ngozi yake ilikuwa ya rangi nyingine kabisa kuliko uso, rangi ya kitu kilichofunikwa siku nyingi.

"Aa, jamani!" Muuguzi aliacha bandeji. "Jua lote hili la bure, halafu mtoto anapinda miguu! Mama wa siku hizi mna kazi gani hata mshindwe kumtoa mtoto nje?"

Mama aliyeisifu suruali alikuwa anatazama pembeni. Mshonaji alitamani sakafu ifunguke. Hakulia, alibaki anaikunja ile suruali, anaikunjua, anaikunja tena.

"Funga mlango," tabibu alimwambia muuguzi. Mlango ulipofungwa aliigeuza suruali ndani nje, akaiona bitana. "Hii umeiweka wewe?"

"Ndiyo."

"Anaivaa kila siku?"

"Kila siku."

"Na ndani ya nyumba?"

"Hata kulala analala nayo." Sauti yake ilikuwa imepotelea kifuani.

Tabibu hakugomba, na mshonaji aliona afadhali angegomba. Alimweleza polepole, akichora kwa kidole juu ya meza. Mfupa, alisema, unajengwa kwa madini. Kuna chokaa, ile kalsiamu ya kwenye maziwa na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, na kuna fosforasi. Lakini mtoto anaweza kunywa maziwa na yasimsaidie, kwa sababu chokaa haipiti tumboni kuingia kwenye damu bila kufunguliwa mlango, na mwenye funguo ni vitamini D. Hiyo vitamini mwili unaitengeneza wenyewe, ngozi ikiota jua. Ngozi yetu nyeusi inahitaji kukaa juani zaidi, si kupita tu. "Ukiifunika ngozi, mlango haufunguki. Mfupa unabaki laini. Mtoto anasimama, uzito wake mwenyewe unaukunja."

"Kwa hiyo ni suruali?"

"Suruali peke yake hapana. Umemnyonyesha?"

"Ndiyo."

"Wewe unaliona jua saa ngapi?"

Mshonaji alifikiri. "Siku za mapumziko. Nikipata nafasi. Nafua, lakini nafulia ndani."

"Basi hata maziwa yako hayakuwa na ya kumpa. Inuka, tembea mpaka mlangoni." Alitembea. "Kiuno kinauma?"

"Kila mtu kiwandani kinamuuma, daktari. Tunauita mwendo wa bata."

Alicheka kidogo, kama walivyozoea. Tabibu hakucheka. Aliinama akambonyeza mfupa wa mbele wa mguu kwa kidole gumba, na mshonaji akaruka kwa maumivu.

"Huo si mwendo wa bata," tabibu alisema. "Ni ugonjwa uleule."

Mashine ya picha za mifupa ilikuwa imeharibika tangu zamani, kwa hiyo walichukua damu ya Kifungo. Majibu, waliambiwa, wayasubiri palepale. Mshonaji alilitazama jua kupitia dirishani. Lilikuwa limepanda, na akajua kwamba akisubiri, kiti chake kitakaliwa. Aliinuka mara moja, akafika mpaka mlango mkubwa, mtoto mgongoni. Kifungo alikuwa amejilaza shavu begani kwake, miguu ikiwa wazi kwa sababu mama alisahau kumvalisha, na mwanga wa mlangoni ukaangukia goti moja. "Inachoma vizuri," mtoto alisema. Mshonaji alirudi akaketi.

Tabibu aliporudi na karatasi alikaa kando yake kwenye benchi.

"Mwilini kuna vitu vinaitwa vimeng'enya. Vichukulie kama vibarua, vinaharakisha kazi. Kuna kimoja kinachosaidia kuujenga mfupa. Mfupa ukikosa vifaa, kile kimeng'enya kinazidi, mwili unaita vibarua na kuita tena. Cha mwanao kimepanda sana. Vibarua wamejaa, vifaa hakuna, ukuta hauinuki."

Mshonaji alielewa kwa njia yake. Alikumbuka siku kitambaa kilipochelewa kufika. Kila mashine ilikuwa na mtu, Bwana Kengele anapiga kengele, anapita akipayuka, sindano zinapanda na kushuka, na chini ya sindano hakuna kitu. Walitoka jioni wamechoka kama waliofanya kazi. Ndani ya miguu ya mwanawe kumbe ndivyo kulivyokuwa, siku zote hizo, na yeye akishona bitana.

"Itanyooka?" aliuliza.

"Huyu bado mdogo. Akipata haki yake sasa, mifupa hujinyoosha yenyewe kadiri anavyokua. Ukichelewa, hapo ni kukatwa mfupa na kuunganishwa upya." Alimpa kichupa cha matone, cha mwisho kabatini. Dawa ya mama haikuwepo. Alimwambia maziwa, mayai, samaki wadogo, maharage na mboga za majani, ambazo zina magnesiamu na vitamini nyingine ya kuiweka chokaa mahali pake. "Na kila siku, miguu na mikono wazi, juani. Hilo usinipige chenga. Matone yakiisha sijui kama tutaletewa mengine."

"Nitamweka wapi, daktari?"

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusema jambo bila kuona haya. Tabibu alikuwa na majibu ya damu na ya mifupa, lakini la hilo hakuwa nalo, na uungwana wake ni kwamba hakujifanya analo.

Njiani mshonaji aliingia kwa muuza maziwa. Kikombe cha kupimia kilikuwa kimebadilishwa, kipya kilikuwa kifupi kuliko cha zamani na bei ilikuwa ileile. "Mama, hata mimi nimekikuta hivyo hivyo," muuzaji alisema, akikwepa macho yake. Akanunua.

Kiwandani mapumziko yalikuwa yanakaribia kwisha. Wanawake walikaa chini ya paa la bati ndani ya lango, wanakula haraka haraka. Mlinzi alimzuia kwa mkono, akamwita Bwana Kengele. Kwa juu ya bega la mlinzi mshonaji aliona, kupitia mlango wa ukumbi, msichana mgeni ameketi kwenye mashine yake, anajaribu kukifikia kikanyagio kwa mguu.

"Kikohozi gani hiki cha nusu siku?" Bwana Kengele aliuliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote.

Angeweza kusema foleni ilikuwa ndefu. Uongo huo ulikuwa tayari, umesimama mlangoni mwa mdomo. Aliangalia chini, akaiona miguu ya mwanawe ikining'inia pande zote mbili za kiuno chake.

"Si kikohozi," alisema. "Ni matege. Mwanangu ana matege. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu."

Mrefu alikuwa anatafuna, akaacha. Hakumtazama mshonaji, alilikodolea macho bakuli lake kana kwamba limetobolewa.

"Sasa matege ndiyo ya kupeleka hospitali saa za kazi?" alisema Bwana Kengele. "Si mtu kazaliwa nayo? Nenda nyumbani. Kesho uje tuone kama kuna nafasi."

"Hakuzaliwa nayo. Ni kukosa jua."

"Basi mpeleke juani," alisema Bwana Kengele, akageuka na kupiga kengele. Wanawake waliinuka mara moja. Walirudi kwenye taa zao, wakiyumba, na mlango ukafungwa.

Uani mashuka yalikuwa yamejaa kamba zote, meupe hata yanaumiza macho. Jua lote lilikuwa lao. Mshonaji alisimama mlangoni akayaangalia, akajikuta na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi. Kiwandani kitambaa kilifichwa jua lisikipaushe, na watu wakafichwa nacho. Hapa kitambaa kilitandazwa juani kikauke, na watoto wakafichwa kisiguswe. Popote alipopita kitambaa kilikuwa na mwenyewe wa kukitetea.

Aliingia chumbani, akamnywesha Kifungo maziwa na tone la kwanza. Kisha akachukua mkasi, akamsimamisha kitandani, akamvalisha ile suruali, na kuikata juu ya magoti. Bitana ilikuwa ngumu. Ilibidi abane mkasi kwa mikono miwili.

"Umeiharibu," alisema Kifungo.

"Nimeiharibu, mama. Twende."

Alisogeza mashuka mawili kwenye kamba, moja huku na moja kule, mpaka pakapatikana pengo. Akageuza beseni, akamketisha Kifungo juu yake, miguu mbele. Mtoto alifumba macho kwa mwanga, akacheka.

Mama mwenye nyumba alitoka mbio, kapu kiunoni. "Wewe! Amri ya nyumba hii huijui?"

"Naijua, mama."

"Mashuka haya ndiyo yanayoendesha nyumba hii. Likirudishwa moja na alama ya kidole napoteza kazi. Utanilipia wewe?"

"Hagusi kitu. Anaota jua tu."

"Aote kwingine!"

"Wapi, mama? Nionyeshe nikamweke."

Mama mwenye nyumba alitazama huku na huku kana kwamba mahali hapo palikuwapo asubuhi na mtu kapahamisha. Kisha macho yake yakaanguka kwenye miguu. Hata hivyo hakurudi nyuma. "Mwisho wa mwezi utafute chumba."

"Sawa, mama. Nitatafuta. Lakini leo tunaota."

Makelele yalimtoa Bibi Redio. Alisimama kwenye mlango wa korido, redio ikiimba nyuma yake, na nyuma ya nguo yake wamejipanga watoto aliowalea. Wote walivaa suruali za mshonaji. Mshonaji alikuwa amewatazama hivyo mara nyingi na kujisifu moyoni, jinsi zilivyowakaa. Bibi alimwangalia Kifungo pale kwenye beseni, akaangalia suruali iliyokatwa, akashusha pumzi.

"Umethubutu," alisema.

Akainama, na bila kuomba ruhusa ya mtu akaanza kumkunja suruali mtoto wa Mrefu. Kitambaa kilipanda, bitana ikigoma. Magoti yakatokea. Yalikuwa yameachana. Akamkunja wa pili. Huyo yalikuwa yamegongana ndani, miguu imetawanyika chini. Akaendelea na wa tatu. Mshonaji alisimama mkasi mkononi, na kila bitana iliyokunjwa aliikumbuka alivyoikata.

"Bibi," alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Mimi ndiye ninayewaogesha, mwanangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mrefu kanishika mkono, akaniapisha. Yule mwingine vilevile. Na wewe je, hukuniapisha?" Alimvuta wa mwisho mbele. "Kila mmoja alidhani ni lake peke yake."

Aibu ya asubuhi ilikuwa ya mtu mmoja na miguu miwili. Hii ilikuwa nzito zaidi. Mshonaji alikuwa amekata kwa ustadi, ameshona kwa mikono yake, tena kwa furaha, akapeleka mlango kwa mlango, na watoto wote hawa wakafunikwa. Hakuna aliyemlazimisha. Alilia sasa, waziwazi, na hakujifuta.

"Walete," alisema. "Bibi, walete hapa kwenye pengo. Wakae."

Wakakaa kwenye sakafu, bega kwa bega, miguu mbele, mingine imepinda nje na mingine ndani, yote ya rangi ileile ya kufunikwa. Mama mwenye nyumba alisimama na kapu lake. Alisema, "Mwisho wa mwezi uko palepale," lakini kwa sauti ya chini, akaingia ndani na hakufunga mlango.

Jua halikungoja. Kivuli cha shuka kilitambaa sakafuni, kikafika kwenye vidole vya Kifungo, kikaanza kupanda vifundoni. Mtoto aliutazama mguu wake unaoingia kivulini, kisha akamtazama mama yake.

Mshonaji aliweka mkasi chini, akapangusa mikono yake kwenye nguo ikauke vizuri, akashika shuka kwa ncha na kulisogeza.